Ngazi na Dumu, Fainali ya Wanawake

Jioni moja Mama Pacha alifika ghorofa ya tano na dumu lake la lita ishirini, akausukuma mlango kwa nyonga, akalitua dumu jikoni kando ya jiko la gesi, akasimama kidogo kusubiri goti la kulia liache kupwita. Sebuleni wanaume watatu walikuwa wanabishana kama kichwa cha mpiga kasia kilipita ndani ya lango au nje ya lango.

"Kichwa kimepita nusu," alisema mumewe. "Na nusu si kichwa."

Lango lenyewe, kwenye runinga, lilikuwa nguzo mbili zinazoning'inia juu ya maji yaendayo kasi, na yule mpiga kasia, msichana mwenye kofia ngumu, alikuwa ameshamaliza mbio zake na amekaa pembeni analia. Mama Pacha alimwangalia kupitia upenyo wa mlango, kisha akawasha jiko, maana wachambuzi walikuwa hawajapata chai.

Bomba la jikoni lilikuwapo, tena la kung'aa, lakini kazi yake siku hizi ilikuwa kuning'inizia kitambaa cha vyombo. Pampu ya jengo iliharibika mapacha wake wakiwa shule ya msingi. Sasa wako bweni na wameanza kuota ndevu. Msimamizi wa jengo alikuwa na jibu moja tu, kwamba kipuri kimeagizwa. Mwaka wa kwanza alilitoa huku akijikuna kichwa. Siku hizi akikutana na wapangaji uani anasema "kipuri kimeagizwa" kama mtu anayesema habari za asubuhi, na wao wanaitikia. Maji yalipatikana huko huko uani, kwenye bomba lililo karibu na mapipa ya taka, na kila familia ilipanda nayo. Familia, katika jambo hili, maana yake ni mama.

Mumewe mtaani walimwita Refa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na filimbi. Alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya matairi, mtu mwadilifu mpaka anakera. Akiona mtu ameruka foleni humrudisha mwisho, na siku moja aligundua kwamba aliyeruka ni yeye mwenyewe, akajirudisha. Mpira wa miguu aliudharau. Alisema ni mchezo wa watu wasiopenda kujifunza. Yeye alipenda ile michezo ambayo hata watangazaji wanaisoma kwenye karatasi: kupanda ukuta kwa kasi, kuruka kwenye trampolini, ubao wa magurudumu, mitumbwi minne inayoangushwa majini kwa pamoja kama magunia kutoka kwenye lori. Olimpiki ikifika, Refa alichukua likizo yake ya mwaka. Mchezo asioujua, baada ya robo saa alikuwa amezishika kanuni zake, na kabla chai haijapoa alikuwa anawakosoa waamuzi.

Wenzake walikuwa wawili. Mmoja ni Fundi Simu wa ghorofa ya nne, ambaye kwa majuma hayo mawili alifunga kibanda chake mapema na kuwaambia wateja kwamba simu zao zinahitaji kupumzika. Wa pili ni mdogo wake Refa, aliyekuja kwa wiki moja kutafuta kazi, na sasa kochi lilikuwa limeshajifinyanga kufuata umbo lake.

"Huyu anatembea au anakimbia?" aliuliza shemeji huyo siku ya mbio za kutembea.

"Anatembea. Miguu yote miwili ikiwa hewani kwa pamoja ni kosa, na goti lazima linyooke."

"Sasa si bora akimbie, afike?"

"Akikimbia atakuwa ni mkimbiaji," alisema Refa, kwa subira ya mtu anayefundisha watoto. "Ugumu wa mchezo uko hapo."

Mama Pacha hakuichukia michezo hiyo. Alishona sare za shule chumbani kwa cherehani ya miguu, na mara nyingine aliacha kukanyaga ili asikie vizuri. Kupanda ukuta ndiko kulimvutia hasa. Alimwona binti mmoja akipanda ukuta mrefu kama jengo lao kasoro kidogo, mikono na miguu ikikimbizana, mpaka akagonga kitufe cha juu.

"Na kule juu anachukua nini?" aliuliza.

"Hachukui kitu," alisema Refa bila kugeuka. "Anagonga, anashuka."

"Mikono mitupu?"

"Mama Pacha, huu ni mchezo."

Kesho yake, alipokuwa anajaza dumu uani, alimkuta mwanamume ana kamera begani. Alipoanza kupanda, mwanamume huyo alipanda mbele yake kinyumenyume, bila kukosea hata ngazi moja. Kwenye kila kibaraza cha ngazi alisimama mwamuzi aliyevaa koti la buluu, mwenye kibendera mkononi. Mama Pacha aliwasalimia, wakaitikia. Aliyekuwa kibaraza cha nne, mwanamke wa makamo mwenye uso wa upole, alimwambia, "Endelea tu, mama, usitujali." Akaendelea.

Alipoingia ndani aliwakuta wanaume watatu wamesimama, wanapiga makofi, wamempa mgongo. Kwenye runinga alikuwapo yeye. Alijiona anausukuma mlango kwa nyonga, akaiona sebule yake, akaiona na migongo mitatu, na mbele ya migongo hiyo runinga ndogo, na ndani yake yeye tena, mdogo kama mbegu, ana dumu.

"Nguvu anazo," alisema Refa. "Ila anapoteza muda kwenye kona. Angalia anavyozunguka pale ghorofa ya tatu, mzunguko mpana mno."

"Lakini shemeji ana mkono mzuri," alisema Fundi Simu.

"Mkono sawa. Nazungumzia kona."

Mama Pacha alilitua dumu jikoni. Runingani kengele ikalia, na jina la mtaa wao likaandikwa chini ya skrini, likifuatiwa na muda wake.

Mchezo uliitwa Ngazi na Dumu. Mtangazaji alieleza kwamba umeingizwa mwaka huu kwa majaribio, na kwamba kwa wingi wa washiriki wanaofanya mazoezi kila siku hakuna mchezo duniani unaoufikia. Kila mshiriki hushindana kwenye jengo lake mwenyewe, maana uchunguzi umeonyesha kwamba ngazi ni zilezile. Upande wa wanaume ulikuwa umefutwa kwa kukosa washiriki.

"Hilo ni jambo la kusikitisha," alisema Refa, na uso wake ulionyesha kweli kwamba amesikitika.

Alizijua kanuni zote usiku haujaingia. Dumu lijae mpaka mstari. Kitako cha dumu kisiguse chini popote kuanzia bombani mpaka sakafu ya jikoni. Kubadilisha mkono ruksa, kubeba kichwani ruksa, kushika ukuta ruksa, mtoto mgongoni haongezi wala hapunguzi alama. Kupokea msaada wa mtu yeyote, hata wa kufunguliwa mlango, kunamfuta mshiriki papo hapo.

Kanuni hii ya mwisho ilikuja wakati wake. Asubuhi ya mchujo wa pili, shemeji aliamka na roho nyeupe ambayo hakuna aliyejua ameitoa wapi, akamfuata Mama Pacha mlangoni na kumwambia, "Shemeji, lete dumu, leo nitashuka mimi."

"Unataka kumharibia?" Refa aliruka kutoka kwenye kiti. "Kaa chini! Msaada haukubaliki!"

Shemeji alikaa chini. Ilionekana amefarijika.

Tangu hapo Refa hakufungua hata mlango. Mama Pacha akija na dumu, mumewe alisimama upande wa pili wa kitasa, mikono nyuma, anamhimiza kwa sauti. Alimnunulia ndizi. Alimchorea kona ya ghorofa ya tatu nyuma ya kalenda, kwa mishale. Usiku, wakati Mama Pacha analikanda goti kwa maji ya moto aliyoyapandisha mwenyewe, Refa alikaa naye kitandani na kumweleza kwa mapenzi kabisa kwamba wapinzani wake wanapumua vizuri zaidi.

Wapinzani hao alikuwa ameshawazoea. Jioni, akitia vifungo kwenye mashati ya shule, aliwatazama runingani. Mmoja alipanda na dumu kichwani, hashiki kitu, macho mbele. Mwingine alikuwa mzee kuliko wote na alipanda huku anaongea peke yake. Mwingine alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo alilala mbio nzima. Hakuna aliyemjua mwenzake, lakini wakifika jikoni wote walifanya kitu kimoja. Walilitua dumu, wakashika kiuno, wakaangalia pembeni kidogo, pasipo na mtu. Mama Pacha aliwapenda, na hakujua amwambie nani.

Siku mbili kabla ya fainali mtangazaji alisoma habari ya urithi wa michezo. Kamati, alisema, haipendi kuondoka bila kuacha kitu. Kwa hiyo majengo ya washindi watatu wa kwanza yatafungiwa pampu mpya na mabomba mapya, maji yafike mpaka jikoni, bure na moja kwa moja.

Mama Pacha aliacha sindano ndani ya kifungo. Akaenda jikoni, akaondoa kitambaa kwenye bomba, akaliangalia. Hakutaka medali, hakutaka jina lake mtaani. Alitaka kusimama pale pale alipo, kwenye malapa yake, azungushe kichwa cha bomba, maji yatoke. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu mpaka akaona haya, akarudisha kitambaa.

"Nitaweza?" alimuuliza mumewe.

"Ukirekebisha kona," alisema Refa.

Fainali ilikuwa Jumamosi mchana. Jengo zima lilijaa. Wapangaji walijibana ukutani kila ghorofa, mikono juu, wasije wakamgusa. Msimamizi wa jengo alikuwa uani amevaa tai, na mtu akimwangalia anasema kipuri kimeagizwa, kwa mazoea. Sebuleni Refa, Fundi Simu na shemeji walikuwa tayari, na utepe wa kumalizia ulikuwa umefungwa kwenye mlango wa jikoni, hatua chache kutoka walipokaa.

Mama Pacha alianza vizuri. Ghorofa ya kwanza na ya pili alizipita kama amebeba mkoba. Kona ya tatu aliizunguka kwa ufinyu ule ule uliochorwa kwenye kalenda, akasikia ghorofa ya tano watu wakipiga kelele ndani ya nyumba yake. Alikuwa wa pili. Kwenye ngazi za kuelekea kibaraza cha nne goti la kulia likakataa. Halikuuma, liliachia tu, kama kamba iliyokatika. Alijigonga ukutani kwa bega, akahamisha dumu mkono wa kushoto, na katika kuhamisha, kitako cha dumu kikagusa ngazi. Kiligusa kidogo sana. Yule mwamuzi wa makamo alikuwa anatazama pale pale. Akainama kufunga kamba za viatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba.

Ghorofa ya mwisho Mama Pacha aliipanda kwa mguu mmoja na nusu. Akakata utepe, akatua dumu, akaanguka kando yake. Alikuwa wa tatu.

Vigelegele vilianzia kwake vikashuka mpaka uani. Mwanamume mwenye koti la buluu alimvika medali ya shaba pale pale sakafuni. Msimamizi wa jengo aliingia na futi, akaanza kupima ukuta wa jikoni, akitamka kwa sauti bomba lipite wapi. Mama Pacha alilala chali akimsikiliza anavyopima, na alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kucheka bila sababu.

Sebuleni hapakuwa na kelele. Refa alikuwa anatazama marudio.

"Rudisha," alisema.

Runinga ikarudisha. Wakati wa Olimpiki ilikuwa inamtii.

"Polepole zaidi. Simamisha hapo."

Fundi Simu alisogeza kiti. Shemeji aliangalia miguu yake mwenyewe.

"Kimegusa," alisema Refa.

"Refa, hebu acha," alisema Fundi Simu kwa sauti ya chini. "Nani ameona?"

"Mimi nimeona."

"Huyo ni mkeo, bwana."

"Kanuni haina mke wala shangazi." Refa alishika simu, akaiweka chini, akaichukua tena, maana hakuwa mtu mbaya. "Nimewalaumu waamuzi wa dunia nzima kwenye kochi hili. Leo ninyamaze kwa sababu maji yatatoka kwangu? Nitatazamaje tena trampolini?"

Chini ya skrini ilikuwa inapita namba ya watazamaji wenye pingamizi. Aliipiga. Kutoka sakafuni Mama Pacha alimsikia anavyolitaja kosa kwa ukamilifu, ghorofa, ngazi na mguu. Halafu alimsikia anajibu swali.

"Hapana," alisema Refa. "Mimi ni shabiki tu."

Futi ya msimamizi ilijirudisha yenyewe ndani ya kasha lake.

Asubuhi yake maofisa watatu walikuja kuchukua medali. Walikuwa wastaarabu, walivua viatu mlangoni. Walimweleza Mama Pacha kwamba amefutwa, na kwamba haimaanishi kuwa hakupanda, ila tu kwamba kupanda kwake hakukutokea. Yule mwamuzi wa makamo hakuwamo. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa ajili ya viatu. Kisha wakamgeukia Refa, wakampa mkono mmoja mmoja, wakamvalisha koti la buluu lenye nembo kifuani. Ilikuwa tuzo ya Shabiki Mwadilifu, haijawahi kutolewa. Refa alilia kidogo. Koti lilimkaa vizuri mabegani.

"Ngazi zenu ni ndefu," alisema mmoja wao akijifuta jasho. "Tungepata maji ya kunywa?"

Mama Pacha aliwamiminia kutoka kwenye dumu. Mmoja aliomba glasi ya pili.

Mchana runinga ilionyesha jengo la yule aliyekuwa wa nne, mwenye mtoto mgongoni. Pampu ilikuwa imeshafungwa. Yule mwanamke alisimama jikoni kwake akazungusha bomba, maji yakatoka, na kwa muda mrefu hakufanya lolote ila kuyaacha yapite juu ya mikono yake. Mtoto alikuwa amelala. Mama Pacha alisimama mlangoni, hakukaa. Hakumwonea gere. Angekuwa na uwezo, angemshika mkono. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa na anwani yake, na anwani hiyo ilikuwa mbele yake imevaa koti.

"Umeona?" alisema Refa kwa sauti laini. "Haki imetendeka."

Kisha akaangalia saa. Jioni hiyo angehojiwa kwenye kipindi cha mashabiki, na lile koti lilitaka mtu aliyeoga.

"Mama Pacha, maji ya kuoga yapo?"

Hayakuwapo. Maofisa walikuwa wamekunywa na mengine yamekwenda kwenye chai. Alichukua dumu, akashuka, anaburuta mguu, ameshika ukuta. Wapangaji aliokutana nao ngazini walimpa pole kama msiba umetokea kwao wote. Msimamizi alikuwa uani, tai amevua. Alimwambia kipuri kimeagizwa.

Mwenye kamera alikuwa pale pale bombani. Mkataba wake ulikwenda mpaka sherehe ya kufunga michezo, kwa hiyo aliinua kamera begani, akawasha taa yake nyekundu. Mama Pacha alilitega dumu, akafungua bomba, akageuka akaitazama kamera usoni.

"Baba Pacha," alisema. "Goti langu limekwisha. Najua unaniona. Vua hilo koti ushuke uje ubebe maji. Umri wote huu unaangalia watu wanavyobeba miili yao, hujawahi kuniuliza mimi nabeba nini. Shuka. Na ukishindwa, mtume mdogo wako..."

Mwenye kamera alikohoa kwa adabu.

"Samahani, mama," alisema. "Mshiriki akifutwa, sauti yake inakatwa. Inakwenda picha peke yake."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Mama Pacha alifikiri.

"Kwa hiyo ananiona?"

"Anakuona vizuri sana," alisema yule mwanamume. "Picha iko safi kabisa."

Aliyamaliza yote aliyokuwa nayo, hakuruka hata neno, na mwenye kamera alimngojea mpaka akamaliza. Dumu lilikuwa limejaa na maji yanamwagikia miguuni kwake. Akafunga bomba, akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akaanza ngazi.